Mkono wa Kushoto wa Fundi Athumani

Siku mliyoniaga hapo kitaluni mlinipa kiti cha uvivu. Nawashukuru. Nimekikalia mara mbili, na mara zote mbili niliinuka kwenda kung'oa magugu niliyoyaona nikiwa nimekaa. Nikaona kama siwezi kukaa bure, basi niandike yale mliyokuwa mkiniuliza wakati wa chai nami nikiwajibu "siku nyingine". Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwa hiyo mwandiko mtauvumilia. Vyeo sitavitaja, vimo kwenye mafaili, na faili ukilipanda halioti. Nitaandika nilivyoingia katika kazi hii, na mtu aliyeniingiza.

Nilizaliwa ng'ambo ya Kagera, katika milima ya Ruanda, kwenye nyumba iliyotazama mteremko wa viazi na maharage. Miaka ile ya vita vya Wazungu viazi vilioza ardhini. Jani lilianza kwa doa jeusi, na siku chache baadaye shamba zima lilinuka. Mvua ya kupandia maharage nayo haikuja. Tukala mbegu, na mtu akishakula mbegu hana tena sababu ya kungoja msimu. Tukashuka mashariki na wengine: mume wangu, mdogo wake Bizimana, mimi, na binti yangu Agnesi mgongoni. Ilisemwa kwamba huko Tanganyika kuna mgodi wa dhahabu unaowapa watu wake unga kila siku.

Mume wangu hakuufikia. Homa ilimshika Biharamulo, tukamzika kando ya njia, mahali ambapo baadaye nilipita mara nyingi kwa lori na kila mara nikashindwa kupatambua. Kutoka pale sikumbuki njia, nakumbuka watu. Pale Buseresere mwanamke mmoja alituona tumekaa mbele ya nyumba yake, akaingia ndani bila kuuliza kitu, akatoka na ungo wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Tulivitafuna vikavu. Mpaka leo nikisikia watu wanasema michembe ni chakula cha shida, huwa naondoka hapo.

Tulipofika Geita, kwenye mgodi ule, Bizimana alipata kazi chini ya ardhi siku ile ile. Wanawake hawakuwa na kazi. Nilikaa katika kibanda cha nyasi pamoja na familia nyingine za kwetu, na kila asubuhi nilitoka kutafuta mboga za porini. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye bustani ya mgodi, chini kando ya kijito, ambako walilima mboga za hospitali na za wafanyakazi. Kati ya matuta ya kabichi mchicha pori ulikuwa umeota hadi magotini. Nikapita kwenye tundu la ua, nikaanza kuchuma.

Mlinzi akanishika. Alikuwa Mhangaza wa Ngara, na lugha yake na yetu zinasikilizana, ndiyo bahati yangu. Akanipeleka kwa nyapara wa bustani, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa, umri wake kama baba yangu mdogo. Mkono wa kushoto wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kushonwa begani.

"Anaiba?" akauliza.

"Anasema anachuma magugu," mlinzi akajibu.

Yule bwana akaenda kutazama tuta. Alikaa muda mrefu amechutama. Aliporudi akasema, "Muulize kwa nini hakugusa kabichi hata moja."

Niliposikia swali nikajibu kama nilivyojua: "Kabichi zina mwenyewe. Magugu hayana."

Mlinzi akatafsiri. Bwana akacheka kidogo. "Basi mwambie kesho aje achume magugu yote."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuomba kazi. Mimi nilikuwa natafuta chakula cha jioni, yeye akaona mpaliliaji.

Jina lake lilikuwa Athumani, na ingawa alikuwa nyapara alipenda kuitwa fundi. Alikuwa Mmanyema wa Tabora, Mwislamu aliyeshika sala. Baba yake alitunza michungwa na miembe ya mfanyabiashara mmoja wa huko, naye alikulia katika kazi hiyo, kisha ujana ukamwambia dhahabu ni tamu kuliko chungwa. Kigari cha mawe kikamponda mkono chini ya ardhi. Walipomwuliza anaweza kazi gani akiwa na mkono mmoja, alisema bustani. "Dhahabu ilichukua mmoja," aliniambia nilipokwisha kujua Kiswahili. "Nikaona huu mwingine niurudishe kwenye michungwa kabla dhahabu haijauona."

Michungwa yenyewe haikuwepo bado. Ilitakiwa kwa sababu ya kiseyeye. Wanaume wanaoshinda chini ya ardhi na kula ugali mtupu walianza kutoka damu kwenye fizi, miguu ikawa na madoa, jeraha dogo likakataa kupona. Daktari wa mgodi, Mzungu mwembamba aliyependa kuja bustanini kwa miguu, alimwomba Fundi Athumani matunda. Fundi akasema mboga za majani na nyanya zitapatikana mwezi huu, ndimu tutanunua kwa watu, na machungwa ni baada ya miaka mitatu.

"Miaka mitatu ni mingi," daktari akasema.

"Ingekuwa miwili kama tungeanza mwaka jana."

Daktari hakukasirika. Alikuwa mtu mzuri. Wiki ile ile aliagiza mbegu za malimau, na baadaye aliandika mwenyewe kwenda Tabora kuomba vijiti vya michungwa mizuri.

Sasa niwaeleze kazi ilivyokuwa, kwa kuwa ninyi mnabebesha miche kwa wembe wa duka na nailoni, na mnadhani dunia ilianza hivyo. Mbegu ya limau hutoa mche wenye mizizi migumu, lakini tunda lake ni kali. Mchungwa mtamu una mizizi dhaifu. Kwa hiyo unachukua jicho la mchungwa, kile kichipukizi kilicholala kwenye kijiti, unaubebesha mche wa limau. Unachana ganda la mche kwa alama kama msalaba usio na kichwa, unaliinua, unatelezesha jicho ndani, unafunga. Kisu cha fundi kilitengenezwa kwa msumeno wa chuma uliovunjika kwenye karakana ya mgodi, na mpini wake aliuchonga mwenyewe. Alikinoa kwenye jiwe, kisha kwenye ngozi ya mkanda. Kujua kama kimekata, mafundi wengine hunyoa vinyweleo vya mkono wao wenyewe. Yeye mkono wa kunyolewa hakuwa nao, kwa hiyo alininyoa mimi. Mkono wangu wa kushoto ulikaa bila kinyweleo msimu mzima.

Kabla yangu alikuwa akibana mche kwa magoti na kufunga uzi wa mgomba kwa meno. Mwezi wa Ramadhani kazi ilisimama, kwa sababu ule uzi ni mbichi na yeye hakutaka kuweka kitu chenye maji mdomoni. Aliwahi kupewa wasaidizi wa kiume. Wote waliona kushika mche na kufunga kamba ni kazi ya kitoto, wakaomba jembe. Siku moja aliniona nafunga mzigo wa kuni, akatazama fundo, akaniashiria kwa kidole nije.

Maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili yalikuwa shika, funga, legeza na ngoja. Kwa muda mrefu nilidhani "ngoja" ni jina la uzi, maana kila nilipouchukua alisema hivyo. Yeye alichana, mimi niliinua ganda. Yeye alitelezesha jicho, mimi nilizungusha uzi kutoka chini kwenda juu, nikaacha jicho lichungulie. Baada ya wiki kadhaa hakuhitaji kusema tena. Mkono wake ulipoondoka wangu ulikuwa umeshafika.

Akaanza kuniita mkono. "Mkono yuko wapi?" alimwuliza mlinzi akifika asubuhi. Wageni walishangaa sana.

Jambo moja alinifundisha ambalo nimewarudia ninyi mpaka mmechoka. Ukikata jicho, unaliacha na kikonyo kifupi cha jani. Baada ya wiki tatu unakigusa kwa ncha ya kidole. Kikidondoka chenyewe, jicho limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, limekufa. Mara ya kwanza nililia, maana nilidhani kinachodondoka ndicho kilichokufa. Fundi alinipa muda nimalize kulia, kisha akanionyesha chipukizi la kijani chini yake, dogo kama punje ya mtama.

Vita viliisha. Kwetu mvua ikanyesha. Mwaka uliofuata neno likatoka boma, likapitia kwa mtemi: watu walioingia nchini kwa sababu ya njaa warudi kwao. Walioandikwa kazi ya mgodini waliruhusiwa kubaki. Vibarua hapana, na mimi nilikuwa kibarua.

Bizimana aliruhusiwa kubaki, lakini alikuwa amechoka na giza la chini. Alikuja kibandani kwangu na kamba za kufungia mizigo.

"Shemeji, jiandae. Malori yanakuja."

"Nikafanye nini kule?"

"Ukalime. Shamba la kaka lipo, na mvua ipo."

Huyu ndiye aliyenibebea mtoto wangu kutoka Biharamulo mpaka Geita. Kule nilikuwa mjane wa mtu. Hapa nilikuwa nimeanza kuwa mtu wa kazi, ninaulizwa asubuhi niko wapi. Lakini jambo kama hilo utalisemaje?

"Mimi nabaki," nikasema.

"Mtoto ni wa ukoo."

"Ni wa ukoo. Na ukoo uliobaki ni wewe na mimi. Wewe nenda ukalime, mimi nikae huku. Njaa ikirudi utakuwa na pa kukimbilia."

Alikaa chini, akakunja zile kamba polepole, akazifungua, akazikunja tena. Mwisho akasema, "Hilo kaka angelikubali." Akampakata Agnesi mpaka jua lilipozama. Aliondoka na lori la kwanza. Baadaye alinitumia mbegu za maharage kwa wasafiri, na maharage yale ya madoadoa mliyokula kwangu ni ya kwake.

Kukubaliana na shemeji hakukuwa kukubaliwa na serikali. Nilimweleza Fundi Athumani kwamba jina langu limo kwenye lori la pili. Kesho yake asubuhi alivaa kanzu, akanipa mche wa limau uliopandwa ndani ya debe, yeye akachukua kisu na vijiti vya mchungwa vilivyozungushiwa ganda bichi la mgomba, tukaenda kwa miguu kwenye baraza la mtemi.

Watu walikuwa wengi, kesi za ng'ombe na za mipaka. Zamu yetu ilipofika fundi alisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mtemi, mimi si msemaji. Naomba nifanye kazi yangu mbele yako kidogo." Akachutama. Nami nikachutama. Tukabebesha jicho moja, na la pili upande wa pili wa mche, kama tulivyozoea, bila kusemezana. Watu wa kesi za ng'ombe wakasogea.

"Fundi ni yupi kati yenu?" mtemi akauliza.

"Mkono wa kulia ni wangu," Athumani akasema. "Wa kushoto ni wa huyu mama. Mmoja ulikatwa na kigari, nikanyamaza, kwa kuwa kigari hakina masikio. Huu wa sasa nimekuja kuuombea."

Mtemi alitazama ule mche. "Mtajua lini kama umeshika?"

"Baada ya wiki tatu."

"Basi debe libaki hapa, na huyu mama abaki wiki tatu."

Wiki zile sikulala vizuri. Lori la pili liliondoka bila mimi, lakini walisema kuna la tatu. Nilijua kazi yangu, ila sikujua nani alikuwa akimwagilia lile debe, na kama mbuzi wa mtemi walikuwa wamefungwa. Tulipoitwa, mtemi alikuwa ameliweka debe ndani ya nyumba yake mwenyewe, karibu na dirisha. Fundi alimweleza namna ya kugusa. Mtemi akanyoosha kidole, akagusa kikonyo cha kwanza. Kikadondoka. Akagusa cha pili, kikadondoka. Akainama akakiokota kimoja, akakitazama, akasema kwa karani wake, "Mwandike huyu mama ni fundi wa miti." Nikabaki.

Machungwa ya kwanza yalipotoka, daktari aliyapeleka hospitali mwenyewe, ndani ya kofia yake. Kiseyeye hakikuisha kwa machungwa yetu peke yake, nisiwadanganye. Daktari alikuwa amepigana vilevile na jikoni mpaka wakabadilisha chakula. Lakini niliwahi kumwona mwanamume wa chini ya ardhi, kifua kama mlango, akilia kwa chungwa kwa sababu lilimuuma kwenye fizi, na hakuliacha.

Miaka michache baadaye kituo cha kilimo nje ya Shinyanga kilitaka mtu wa kuanzisha kitalu cha matunda kando ya lambo jipya. Wakamwomba Fundi Athumani. Wakati huo kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, vumbi la miaka ya chini ya ardhi. Alikuwa akipumzika katikati ya tuta moja, na tayari alikuwa ananipa kisu nichane huku yeye akitazama. Alinikabidhi kile kisu, akasema, "Nenda wewe. Mimi nitafuata nikipata nafuu." Wote wawili tulijua.

Bwana shamba wa pale, Msukuma aliyeitwa Luhende, alinipokea kituo cha reli akitazama nyuma yangu.

"Niliambiwa atakuja fundi mwenye mkono mmoja."

"Ni mgonjwa. Amenituma mimi."

"Wewe una miwili."

"Nimekuja na wa ziada," nikasema. Hakucheka siku ile, ila nilisikia baadaye kwamba aliwasimulia watu.

Alikuwa mtu wa haki. Alinieleza wazi kwamba eneo lile lina maji, na wakubwa wake walilitaka kwa majaribio ya pamba. Kama msimu mmoja ungepita bila miche, asingeweza kulitetea.

Nikaanza peke yangu kwa ujasiri, na macho yote ya kwanza yakafa. Nikagusa kikonyo baada ya kikonyo, vyote viking'ang'ania. Kisu kilikuwa kile kile, mikono ilikuwa ile ile. Nilikaa kwenye tuta nikajiuliza kilichobadilika, na wakati nafikiri, kanga yangu niliyoianika ikawa imekauka. Ndipo nikaelewa. Geita tulifanya kazi bondeni, kando ya kijito. Hapa ni tambarare, na upepo wa Shinyanga unakausha ganda lililochanwa kabla mtu mmoja hajaweka kisu chini akachukua uzi. Kazi hii hapa ilitaka watu wawili.

Mwanamke aliyekuwa akichota maji lamboni aliitwa Ngolo, mpole, mwenye vidole virefu. Nikamwita kama Wasukuma wanavyoita mama.

"Mayu, unajua kufunga kamba?"

"Nafunga ndama," akasema.

"Huyu harushi mateke."

Nilimfundisha kwa maneno yale yale: shika, funga, legeza, ngoja. Bwana Luhende alipotuona alisema anaona watu wawili kwenye kazi ya mmoja. Nikamwomba anihesabie vitakavyodondoka, si watu. Ile asubuhi ya kugusa alikuja mwenyewe, akagusa tuta zima huku akiinua suruali isiingie tope, na vikonyo vikawa vinaanguka kama mchanga. Alifika mwisho wa tuta, akasema "Wabeja," ndiyo asante ya Kisukuma, akaenda moja kwa moja ofisini kuwaandikia watu wa pamba. Hivyo ndivyo kitalu chenu kilivyopona, na ndiyo maana mnafanya kazi wawiliwawili.

Tuligawa miche mpaka Mhunze. Mbuzi walikula mingi, mchwa wakala mingine. Tukajifunza kuwaambia watu wapande kwanza ua wa minyaa, ambao mbuzi hawaugusi, kisha waje kuomba mti. Aliyekuja bila ua tulimpa maji ya kunywa, akarudi.

Michungwa ya kituoni ilipozaa mara ya pili, Fundi Athumani alishuka kwenye treni. Alikuwa anarudi Tabora kwa dada yake, na alikuwa amekonda mpaka kofia ilimzidi. Alilala kwa Mmanyema mmoja karibu na soko, na asubuhi akaja kitaluni kwa baiskeli ya kubebwa.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba, mkono. Nionyeshe."

Alipita kila tuta bila haraka, akipumzika. Alitutazama mimi na Ngolo tukibebesha, akamsogeza Ngolo kidole gumba juu kidogo. Chini ya mti mkubwa kuliko yote nikachuma chungwa, nikalishika, yeye akalikata. Akala kipande, akatafuna sana.

"Ganda nene," akasema. "Unaipa samadi nyingi."

"Hapa ng'ombe ni wengi kuliko watu."

"Punguza." Kisha akala lote, na akaomba la pili.

Tukapunguza samadi. Msimu uliofuata nilijaza kikapu machungwa, nikampa gadi mmoja wa treni, Mnyamwezi niliyemfahamu, akifikishe Tabora. Alirudi baada ya majuma kadhaa, akaja mpaka kitaluni akiwa na kofia mkononi, nikajua kabla hajafungua kinywa.

"Mama Agnesi, pole. Mzee Athumani tumemzika."

Nikamshukuru. Nikamwuliza kama kikapu kilimkuta hai.

"Kilimkuta."

"Alisema nini juu ya ganda?"

Gadi akanitazama. "Mama, mimi nimekuletea msiba, wewe unaniuliza maganda?"

"Ndiyo. Nakuuliza."

Akafikiri. "Dada yake alimmenyea. Mzee akachukua ganda, akaliinua kwenye mwanga wa mlango, akaligeuza. Akasema, 'Fundi huyu sasa anajua.' Dada yake hakujua anasemwa nani. Aliniuliza mimi, nami sikujua."

"Mwambie ni mimi," nikasema.

Nikampa maji, akanywa, akaenda zake stesheni. Ilikuwa katikati ya msimu wa kubebesha na upepo ulikuwa umeanza. Ngolo alikuwa amechutama mbele ya mche, ameuweka uzi tayari, ananitazama. Nikafuta uso, nikachukua kisu, nikachutama upande wa pili.